Braketi ya L kwa kamera yenye gripu ya betri: ninunue ya aina gani?

Picha_za_Dunga, Kisumu

Hamjambo wapiga picha wenzangu. Ninaomba ushauri kabla sijatoa fedha, kwa sababu kifaa ninachokitafuta hakipatikani kwa urahisi katika maduka ya hapa Kisumu na huenda nikalazimika kukiagiza, na kifaa cha kuagiza kisipotoshea ni vigumu kukirudisha.

Ninatumia Nikon D750 iliyofungwa gripu ya betri ya MB-D16. Kazi yangu ya mchana ni harusi, mahafali na picha za familia, na kwa kazi hizo gripu haibanduki, kwani inanipa kitufe cha pili cha shata ninaposhika kamera wima, na pia betri ya ziada siku ambayo ibada inaanza saa tatu asubuhi na sherehe inaendelea mpaka usiku. Jioni ambazo sina kazi ya kulipwa hupenda kwenda ufuoni Dunga kupiga machweo, na msimu wa mvua kupiga radi zinazomulika upande wa ziwa. Mara nyingine huenda Kit Mikayi, kwenye barabara ya kuelekea Bondo, ambako yale mawe yaliyopandana hayaingii vizuri katika picha isipokuwa kamera iwe wima.

Hapo kwenye wima ndipo penye shida. Tripodi yangu ina kichwa cha mpira, yaani cha tufe linalogeuka pande zote, chenye klampu ya mtindo wa Arca-Swiss inayobana kingo za pleti, na chini ya gripu nimefunga pleti ndogo ya kawaida, yaani kibamba cha kuishikisha kamera kwenye klampu hiyo. Kamera ikiwa mlalo kila kitu ni shwari. Nikiilaza ubavuni ili picha iwe wima, shingo ya kichwa ikiingia kwenye ule mfuo wake, yaani mkato wa pembeni, uzito wote huning'inia upande mmoja wa tripodi, na nikifunga lenzi ya 24-70 mm f/2.8 kamera huanza kujizungusha polepole kwenye skrubu hadi lenzi inainamia chini na mpangilio wote wa picha unaharibika. Nikikaza skrubu kwa nguvu zaidi ninahofia kuumiza nyuzi za gripu.

Nimeambiwa suluhisho ni braketi ya L, yaani pleti yenye umbo la L inayopita chini na ubavuni mwa kamera. Katika kutafuta nimeona za aina tatu: iliyotengenezwa kwa D750 tupu, iliyotengenezwa kwa D750 ikiwa na MB-D16, na ile inayosemekana kuingia kamera yoyote, ambayo bei yake ni ya chini kuliko zote. Ni ipi inayonifaa? Na je, ni sawa gripu kubaki kwenye kamera ninapotumia tripodi?

Menengai_Wima, Nakuru

Ndugu yangu wa Dunga, umefanya vyema kuuliza mapema. Nitaanza na sababu ya kamera yako kujizungusha, kwa maana ukishaielewa sababu hiyo utaweza kuchagua mwenyewe hata kama braketi nitakayokutajia haipatikani.

Pleti ya kawaida inashikwa kwenye kamera na skrubu moja tu ya inchi 1/4. Kamera ikiwa mlalo, uzito unaikandamiza pleti kwenda chini, na skrubu haina kazi kubwa zaidi ya kuzuia kamera isichomoke. Ukiilaza kamera ubavuni, skrubu nayo inalala, na lenzi iliyotokeza mbele inaizungusha kamera juu ya skrubu hiyo kama mpini wa spana unavyozungusha nati. D750 ikiwa na betri na kadi ina gramu 840, na lenzi ya Nikon 24-70 mm f/2.8G ina gramu 900. Ukiongeza gripu na betri yake unakaribia kilo mbili, na karibu nusu ya uzito huo iko mbele ya skrubu. Kinachouzuia mzunguko ni msuguano wa raba peke yake. Gripu imeongeza jambo jingine: imeiinua kamera mbali zaidi na pleti, kwa hiyo kamera ikilala, uzito wake unakuwa mbali zaidi na katikati ya tripodi. Ndiyo maana vifaa vilivyokutosha kabla hujafunga gripu havikutoshi sasa.

Braketi ya L ina reli mbili, yaani kingo za kubanwa na klampu, moja chini ya kamera na nyingine ubavuni mwake. Ukitaka picha ya wima hukilazi kichwa cha tripodi hata kidogo. Unafungua klampu, unaigeuza kamera, na kuifunga tena kwa reli ya ubavuni. Kamera inabaki juu ya katikati ya tripodi na miguu mitatu inagawana uzito sawasawa. Sisi tunaopiga picha ukingoni mwa kreta ya Menengai tunalijua jambo hili kwa karibu, kwa sababu bonde lile lina ukubwa wa kilomita 12 kwa 8 hivi na hakuna lenzi ya kawaida inayolimeza lote kwa mara moja; inabidi kupiga picha kadhaa za wima na kuziunganisha. Kamera ikiwa imelazwa kwenye mfuo, kila unapoizungusha inasafiri katika duara badala ya kugeuka mahali pamoja, vichaka vya ukingoni vinahama mbele ya mandhari ya mbali, na programu ya kuunganisha picha inashindwa kuvipatanisha.

Sasa nije kwenye zile aina tatu, na hapa nitasema bila kuzunguka. Ile ya kamera yoyote usiinunue. Chini yake ni tambarare kabisa, haina ukingo ulioinuka wa kuegemea mwili wa kamera, na watu wengi hudhani kwamba umbo la L pekee linaondoa mzunguko. Haliondoi. Hata kwa braketi ya L, kamera ikiwa wima ile skrubu ya chini bado imelala, na lenzi bado inaivuta. Kinachozuia mzunguko ni ule ukingo, au mkono wa ubavuni uliochongwa kufuata umbo la kamera hiyo hiyo, ukashika kwa chuma pale ambapo raba ilikuwa ikishika kwa msuguano.

Ile ya D750 tupu nayo haiwezi kufungwa chini ya gripu. Kwanza kingo zake zimechongwa kwa umbo la tumbo la kamera wala si la gripu. Pili, mkono wake ni mfupi: ukishaweka gripu, mkono huo utaishia chini sana, kamera ikigeuzwa lenzi itakuwa nje ya mwisho wa reli, na utakuwa umerudi kwenye uzito ulioning'inia upande mmoja.

Kwa hiyo, ikiwa gripu itabaki kwenye kamera, nunua braketi iliyotajwa wazi kuwa ni ya D750 pamoja na MB-D16. Hakikisha pia gripu yako ni ya Nikon yenyewe, kwa kuwa gripu za kuigiza huweza kutofautiana na ya asili kwa milimita chache, na braketi iliyochongwa kwa usahihi haisamehe milimita chache.

Kuna jambo la klampu pia ambalo wauzaji hawalitaji. Skrubu za tripodi, ile ya inchi 1/4 na ile ya 3/8, zina kiwango rasmi cha kimataifa, yaani ISO 1222, na ndiyo sababu skrubu ya mtengenezaji yeyote huingia tundu lolote la kipimo chake. Reli ya mtindo wa Arca-Swiss haikuzaliwa hivyo. Ilitoka kwa kampuni moja iliyoanzia Uswisi, wengine wakaiiga kwa kuwa ilikuwa nzuri, na ingawa upana wa karibu milimita 38 na kingo za mshazari wa nyuzi 45 vimekubalika kila mahali, tofauti ndogo zipo kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Klampu yako ikiwa ya kukaza kwa kizungusho, itafuata upana wowote wa karibu. Ikiwa ya kufunga kwa wenzo, inaweza kuifunga pleti moja barabara na nyingine ikaiacha ikicheza, au isifungike kabisa. Tueleze klampu yako ni ya namna gani kabla hujalipa.

Msitu_na_Mto, Kakamega

Ninaunga mkono aliyoyasema ndugu wa Nakuru kuhusu ukingo wa kuzuia mzunguko, nami nitaongeza mambo yanayojitokeza baada ya braketi kufika nyumbani, ambayo katika picha za tangazo hayaonekani.

La kwanza ni milango ya kebo. D750 ina milango yake yote ya kebo upande wa kushoto, ikiwemo ule wa rimoti ya waya ya MC-DC2, na mkono wa braketi ya L unasimama upande huo huo. Ukigeuza kamera iwe wima, upande huo ndio unaotazama chini, palepale penye klampu. Kwa hiyo ndugu, kama unapiga radi kwa kutumia rimoti ya waya, usiangalie tu kama mkono wa braketi una tundu. Angalia kama tundu hilo liko mbele ya mlango wako, na kama kichwa cha kebo kinapata nafasi ya kupinda bila kugusana na taya za klampu. Vile vifuniko vya raba vya milango pia vinahitaji mahali pa kukunjikia. Braketi zilizo bora kwa jambo hili ni zile ambazo mkono wake unaweza kulegezwa na kusogezwa nje, ukaacha nafasi kati yake na kamera, kisha ukarudishwa ukabana tena kazi inapokwisha.

La pili ni trei ya betri ya gripu. Fanya hivi leo: shika kamera yako, vuta trei nje kabisa, na utazame inapitia wapi na inahitaji nafasi kiasi gani. Kisha tazama picha za braketi unayoifikiria, hasa za upande huo, na ujiulize kama trei itatoka bila kuifungua braketi. Tazama vilevile kama gurudumu la kukazia gripu litafikika kwa kidole.

La tatu ndilo ninaloliona kubwa zaidi kwa kamera yako. Gripu za Canon nyingi huingiza mguu wake ndani ya chumba cha betri, na betri zote hukaa kwenye gripu. MB-D16 haifanyi hivyo. Betri ya ndani ya D750 inabaki ndani ya kamera na gripu inaufunika mlango wake, maana yake ukitaka kuibadilisha ni lazima uitoe gripu, na gripu ikiwa imefungwa braketi, vyote viwili vinatoka pamoja. Bwana harusi hawezi kusubiri shughuli hiyo. Ingia kwenye menyu ya mipangilio maalum, utafute mpangilio wa ni betri ipi itumike kwanza, na uhakikishe kamera inaanza na ya gripu. Hivyo utakuwa ukibadilisha ya gripu tu kupitia trei, na ile ya ndani itabaki kama akiba.

Kwa wanaosoma hapa na kamera zao ni tofauti, hasa wenye Canon 70D, 80D au 6D Mark II ambazo kioo cha nyuma hufunguka kwa bawaba ya upande wa kushoto, jueni kwamba mkono wa braketi unaweza kukizuia kioo kisigeuke. D750 haina tatizo hilo kwa kuwa kioo chake huinuka na kushuka tu, lakini kwenu ninyi ni jambo la kuangaliwa kabla ya mengine yote.

Mwalimu_wa_Njoro

Nimesoma kwa makini majibu ya wenzangu na yote ni ya kweli, lakini nadhani tumelipita swali la mwisho la muulizaji haraka mno. Aliuliza kama gripu inafaa kubaki kwenye kamera anapotumia tripodi. Jibu langu ni kwamba, kwa kazi aliyoieleza, haifai.

Gripu imeshikwa kwenye kamera na skrubu moja, na kati yake na kamera kuna raba. Kati ya gripu na braketi kuna skrubu nyingine. Kila maungio ni mahali pa kutikisika, na hata braketi iliyochongwa vizuri kiasi gani haiwezi kuondoa mtikisiko ulio juu yake, kati ya gripu na kamera. Mchana, shata ikifunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, hutauona. Usiku ufuoni Dunga, shata ikikaa wazi kwa sekunde 20 au 30 ukisubiri radi, na upepo wa ziwa ukivuma, utauona katika taa za ng'ambo na katika kingo za mawingu.

Haya si ya kuamini kwa sababu nimeyasema mimi. Funga kamera na gripu kwenye tripodi, washa kioo cha nyuma uone picha moja kwa moja, lenga kitu cha mbali chenye kingo kali kama nguzo ya simu, kisha kuza picha hadi mwisho. Gusa pipa la lenzi kwa kidole kimoja, taratibu, na utazame nguzo inatetemeka kwa muda gani kabla ya kutulia. Toa gripu, funga kamera moja kwa moja, rudia. Tofauti utakayoiona kwenye kamera yako wewe mwenyewe ndiyo itakayokuambia cha kununua, na haikugharimu chochote.

Sasa tazama matumizi yako. Gripu ina faida harusini, na harusini unashika kamera mkononi. Tripodi ina faida ziwani na Kit Mikayi, na huko huhitaji kitufe cha pili cha shata kwa sababu hata hicho cha kwanza hukigusi. Kazi hizo mbili hazikutani. Ningekuwa wewe ningenunua braketi ya D750 tupu yenye mkono unaosogea, ningeiacha ikae kwenye mfuko wa tripodi, na kila ninapokwenda ziwani ningetoa gripu na kuifunga braketi. Ni fupi, ni nyepesi, na kamera inakaa karibu zaidi na kichwa. Tena ukibadilisha gripu siku moja, au ukiiuza, braketi yako haitageuka chuma kisicho na kazi.

Winam_Lenzi, Kisumu

Ninaomba kuuliza jambo ndani ya swali la mwenzangu. Pale Kibuye kuna mafundi wa jua kali wenye mikono mizuri sana ya alumini. Je, hakuna uwezekano wa kumpelekea fundi gripu na klampu, akatengeneza braketi inayofaa kwa gharama ndogo?

Menengai_Wima, Nakuru

Ndugu wa Winam, swali lako ni zuri na mafundi hao ninawaheshimu. Ninachokihofia ni reli. Kingo za mshazari zikitofautiana kidogo tu kati ya mwanzo na mwisho wa reli, klampu itashika upande mmoja na kuachia mwingine, na utaligundua hilo kamera ikiwa imeinama juu ya mawe. Umbo la L lenyewe pia likikatwa kutoka kwenye bamba na kukunjwa, pembe yake hupoteza nguvu; zile za kiwandani kwa kawaida hutolewa kwenye alumini imara kwa mashine ya kuchonga, au huwa vipande viwili vinavyoshikwa kwa skrubu.

Kuna kazi moja ndogo ambayo fundi anaweza kuifanya vizuri sana. Pleti ya kawaida ya kiwandani, ambayo reli yake tayari ni sahihi, inaweza kuongezewa kipande cha alumini nyuma yake kwa skrubu mbili ndogo, kikainuka milimita chache na kuegemea mgongo wa gripu, kikiwa na raba nyembamba ya kuzuia mikwaruzo. Hapo utakuwa umepata ule ukingo wa kuzuia mzunguko. Hautakupa wima ya braketi ya L, lakini utaondoa kujizungusha kwenye skrubu, na kwa mtu ambaye anapiga wima mara chache huenda hilo likamtosha.

Kuhusu hoja ya Mwalimu, ninakubaliana naye kwa picha za usiku. Siwezi kukubaliana naye kwamba tripodi na gripu hazikutani kamwe. Picha za pamoja za mahafali, pale ambapo wahitimu wanapangwa kwa safu na mpiga picha anahitaji kuwa huru kwenda kumsogeza mtu wa nyuma asiyeonekana, mimi hupiga kwa tripodi, na siku hiyo sina muda wa kutoa gripu. Lakini picha hizo ni za mlalo. Kwa hizo pleti yenye ukingo chini ya gripu inatosha kabisa.

Na niongeze kitu kwa ajili ya wale wanaotumia lenzi ndefu, kwa kuwa swali hili huulizwa mara nyingi na watu wanaopiga picha za ndege kutoka Baboon Cliff, kule Ziwa Nakuru, au kando ya maji. Lenzi ya 70-200 mm f/2.8 au 150-600 mm ina pete yake yenye mguu wa tripodi. Funga tripodi kwenye mguu huo, si kwenye kamera. Ukitaka wima unalegeza pete na kuizungusha kamera ndani yake, gripu ikiwepo au isiwepo. Kwa lenzi za namna hiyo braketi ya L haina kazi.

Picha_za_Dunga, Kisumu

Ninawashukuru nyote kwa moyo wenu. Nijibu niliyoulizwa: gripu ni ya Nikon yenyewe, na klampu yangu ni ya kukaza kwa kizungusho.

Nimefanya jaribio la Mwalimu kwa kulenga nguzo iliyo mbali na nyumba yetu. Kamera ikiwa na gripu, nguzo iliendelea kuyumba waziwazi baada ya kidole kuondoka. Bila gripu ilitulia mapema zaidi, na hata mwendo wenyewe ulikuwa mdogo. Kwangu hilo limetosha. Nimetazama pia mpangilio wa betri aliouelekeza dada wa Kakamega, na sasa nina uhakika kamera inamaliza ya gripu kwanza.

Nimeamua kununua braketi ya D750 tupu, ya aina yenye mkono unaosogea, na chini ya gripu nitabakiza pleti, ila nitampelekea fundi aiongezee ukingo. Nina maswali mawili ya mwisho. Kutoa na kurudisha gripu kila mara hakutaharibu kitu? Na safari ya kwenda Kit Mikayi ninaifanya kwa matatu kisha bodaboda. Nimesikia skrubu hulegea kwa mtikisiko, je, nitie gundi ya kushika nyuzi?

Msitu_na_Mto, Kakamega

Karibu, ndugu, nami ninakupongeza kwa kulijaribu jambo kabla ya kulinunua.

Kutoa gripu hakudhuru ukiwa mwangalifu na sehemu moja. Chini ya D750 kuna sehemu ndogo ya kupitishia umeme kati ya kamera na gripu, na ina kifuniko chake kidogo cha raba. Ukitoa gripu, kifuniko hicho kirudi mahali pake pale pale, kabla hujaiweka kamera popote, kwa sababu mchanga wa ufuoni ukiingia hapo gripu inaweza kukataa kuwasiliana na kamera siku ya harusi. Kifuniko hicho ni kidogo na hupotea upesi, hivyo kitafutie mfuko wake wenye zipu na kisihamie kwingine. Zima kamera kabla ya kufunga au kufungua gripu.

Kuhusu gundi, usiitie kwenye skrubu inayoingia kwenye kamera. Nyuzi zile ni za kamera, na siku skrubu ikikataa kutoka utakuwa na tatizo kubwa kuliko kulegea. Skrubu ya braketi hukazwa kwa spana ya pembe sita, na spana hiyo inakupa nguvu nyingi kuliko unavyodhani. Kaza mpaka braketi isimame imara, kisha uache. Baadhi ya braketi huja na spana yake ikiwa imeshikwa na sumaku ndani ya braketi yenyewe, na ukipata ya namna hiyo kwa bei inayolingana na nyingine, chukua hiyo, kwa sababu spana iliyobaki nyumbani haisaidii mtu aliye Seme, kule Kit Mikayi.

Njiani, usiiache kamera ikiwa juu ya tripodi, wala usiibebe ikining'inia kwenye braketi ukiwa juu ya bodaboda. Iweke kwenye mkoba, lenzi ikitazama chini, na braketi ikiwa imefungwa. Ukifika, kabla ya kuifunga kwenye klampu, ishike kamera kwa mkono mmoja na mkono wa braketi kwa mwingine, na ujaribu kuvizungusha kinyume. Kikicheza hata kidogo, kaza robo ya mzunguko. Fanya vivyo hivyo kwa ile skrubu inayoshika mkono unaosogea, maana hiyo ndiyo hulegea mapema zaidi, na kamera ikiwa wima ndiyo inayobeba uzito wote.

Jambo la mwisho kuhusu radi: D750 ina ndani yake uwezo wa kupiga picha mfululizo kwa vipindi unavyoviweka mwenyewe. Ukiweka shata sekunde 20 na vipindi virefu kidogo kuliko hapo, kamera itaendelea kupiga yenyewe bila rimoti ya waya, na lile suala la kebo kugongana na klampu litakuwa limekwisha. Nawe kaa ndani ya gari au ndani ya jengo radi zikiwa karibu, uiache tripodi peke yake.